Magofu yetu yanachimbwa usiku: je, setilaiti zinaweza kutulindia?

*"Niko kwenye kamati ndogo inayosimamia eneo la magofu ya kale, kama hekta 60 hivi, na tuna mlinzi mmoja tu. Miezi ya karibuni tumekuta mashimo mapya katikati ya kuta, mengine yana upana wa mita mbili, na vigae vya vyungu vimetupwa pembeni. Jamaa mmoja anayejua mambo ya kompyuta alituambia setilaiti za bure hupita kila siku na zinaweza kututumia taarifa mwizi akianza kuchimba. Kijana wetu mwingine akafungua Google Earth, hakuona shimo hata moja, na sasa baadhi ya wajumbe wanasema mlinzi anatia chumvi. Upande wa pili eneo linapakana na bahari, na tunahisi ufukwe unaliwa. Naomba kujua: ukweli ni upi kuhusu hizi setilaiti, tuanzie wapi bila fedha nyingi, na je, tukizitumia hatutakuwa tunawachorea wezi ramani?"*

Nianze na mlinzi wenu, kwa sababu ndiye anayeonewa hapa. Shimo kutoonekana kwenye Google Earth hakuthibitishi kwamba shimo halipo. Mmeliona kwa macho, mmeujua upana wake, mmekuta vigae pembeni. Ushahidi huo una uzito kuliko picha yoyote iliyopigwa kutoka kilomita mia kadhaa angani. Naye aliyewaambia kwamba setilaiti za bure zitawashtua mwizi akishika jembe amewaahidi kitu ambacho hakipo. Hata hivyo msikate tamaa na picha hizi. Zina kazi kubwa mno katika kulinda malikale, ila kazi yenyewe ni tofauti na mnayoitarajia.

Picha mnayoiona mkifungua Google Earth haikupigwa leo. Ni vipande vya tarehe mbalimbali vilivyounganishwa, na eneo lisilo na wakazi wengi linaweza kukaa muda mrefu bila kupata picha mpya. Mwambieni kijana afungue toleo la kompyuta, Google Earth Pro, ambalo ni la bure, avute karibu hadi kwenye magofu, kisha asome tarehe iliyoandikwa chini ya skrini. Kuna pia kitufe chenye alama ya saa kinachofungua picha za miaka ya nyuma, moja baada ya nyingine. Kama picha ya mwisho ilipigwa kabla ya mashimo kuchimbwa, mjadala na mlinzi umekwisha. Na hapo mtakuwa mmepata kitu cha thamani: rekodi ya eneo lilivyokuwa kabla halijaguswa. Ihifadhini.

Tuseme picha ni mpya. Linakuja suala la pikseli, yaani kile kipande cha ardhi kinachobanwa ndani ya nukta moja ya picha. Setilaiti za Sentinel-2 za Shirika la Anga la Ulaya, ambazo picha zake ni za bure kwa mtu yeyote, zina pikseli ya mita 10 kwa mita 10. Hizo ni mita za mraba 100. Shimo la upana wa mita mbili ni mita za mraba tatu na kidogo, takriban asilimia tatu tu ya pikseli hiyo, na rangi yake inamezwa na nyasi, mawe na udongo wa jirani kama tone la wino kwenye ndoo ya maji. Hata ukijumlisha kifusi kilichozunguka shimo, huenda ukafika asilimia kumi na kitu, na bado ni vigumu kulitambua. Landsat ya Marekani ina pikseli ya mita 30, kwa hiyo shimo moja msilitafute humo kabisa. Setilaiti za kibiashara ndizo zinazofika huko: WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014, ina pikseli ya sentimita 31, na shimo lile lile linapata pikseli sita au saba kwa upana.

Hata likionekana, lahitaji jicho lililofunzwa. Setilaiti nyingi za aina hii hupita asubuhi, karibu na saa 4:30, jua likiwa bado upande wa mashariki. Ukingo wa mashariki wa shimo hutupa kivuli ndani, kwa hiyo nusu ya mashariki ya duara inakuwa nyeusi na ukuta wa magharibi unang'aa. Lundo la mawe au kichuguu hufanya kinyume chake. Tatizo ni kwamba macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu. Kwenye picha ambayo mwanga unatokea chini ya skrini, shimo hugeuka kilima na kilima kikawa shimo, na mtu anaweza kuapa juu ya alichokiona. Zungusheni picha mpaka upande wa jua uwe juu ya skrini, halafu mtazame upya. Alama nyingine ni udongo. Udongo uliotoka chini mara nyingi una rangi tofauti na wa juu, kwa hiyo shimo jipya huonekana kama doa jeusi lililozungukwa na pete ya rangi nyingine, kingo zikiwa kali. Mvua za misimu kadhaa huifuta pete, nyasi huota ndani, na shimo la zamani hubaki bonde laini. Mtu mzoefu hutumia tofauti hiyo kukadiria umri wa shimo, japo si kila mara anaweza kuwa na hakika.

Sifa ya setilaiti kwamba "zinaona wezi" ilitokana na matukio makubwa ya kutisha. Apamea, mji wa kale nchini Syria, ni mfano unaorudiwa kila mahali: picha ya Julai 2011 inaonyesha ardhi tulivu, na ya Aprili 2012 inaonyesha ardhi hiyo hiyo imetobolewa kwa mashimo yasiyo na idadi. Huko Dura-Europos, kando ya mto Frati, uchambuzi uliofanywa na Chama cha Marekani cha Kuendeleza Sayansi ulionyesha kwamba kufikia Aprili 2014 asilimia 76 ya eneo lililo ndani ya ukuta wa mji ilikuwa imeharibiwa, na mashimo yalibanana kiasi kwamba hayakuweza kutenganishwa moja moja. Huo ulikuwa uporaji wa mchana kweupe, wa miezi mingi, uliopigwa picha kali za kulipia. Mashimo yenu machache katikati ya kuta ni jambo jingine kabisa.

Kuhusu taarifa ya papo hapo, kuna kisa ninachopenda kila kamati ikijue. Monasteri ya Mtakatifu Eliya karibu na Mosul, Iraq, ilikuwa imesimama kwa karne nyingi. Ilibomolewa kati ya mwisho wa Agosti na mwisho wa Septemba 2014. Setilaiti zilipiga picha kabla, zikapiga na baada. Dunia ilikuja kujua Januari 2016, shirika la habari la AP lilipoagiza picha hizo zichambuliwe. Zilikuwepo muda wote huo. Hapakuwa na mtu mwenye zamu ya kuzitazama. Na hata angekuwepo, mwizi humaliza kazi yake usiku mmoja, ilhali picha husubiri setilaiti ipite, mawingu yaondoke, faili lipakuliwe na mtu alifungue. Kazi ya kumkuta mwizi shimoni itabaki kwa mlinzi na majirani wema. Kwa maoni yangu, kama mna fedha ya kitu kimoja tu, mpeni mlinzi mwenzake kabla ya kununua picha yoyote.

Sasa kwa nini nasisitiza mzitumie? Kwa sababu shimo la mwizi ndilo linalouma zaidi moyoni, lakini mara nyingi silo linalomaliza eneo la kale. Mradi wa EAMENA, ulioanza mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Oxford ukishirikiana na Leicester na Durham, umekuwa ukirekodi maeneo ya kale yaliyo hatarini Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini kwa kutumia picha za angani, na vitisho vinavyojirudia sana humo ni kilimo na ujenzi. Trekta linalosogea mita chache kila msimu. Barabara ya vumbi iliyokatwa ili kufupisha njia. Machimbo ya mchanga au mawe. Nyumba ya kwanza, kisha ya pili. Haya ni mambo makubwa kuliko pikseli ya mita 10, hayafichiki usiku, na huenda polepole kiasi kwamba anayepita kila siku haoni mabadiliko. Hapo picha ya bure inafanya kazi vizuri kuliko jicho la mtu. Sentinel-2 zikiwa mbili angani hurudi mahali pamoja kila siku tano, na hata mawingu yakiharibu nyingi kati ya hizo, mtabakiwa na picha nzuri kadhaa kwa mwaka. Zinatazamwa bila malipo kwenye tovuti ya Copernicus Browser, kwa kompyuta ya kawaida yenye intaneti.

Tumieni pia mwanga ambao jicho halioni. Sentinel-2 hupima mwanga wa infraredi iliyo karibu, ambao majani mabichi huurudisha kwa wingi na udongo mtupu huurudisha kidogo. Tovuti hiyo ina mpangilio unaoonyesha mimea hai kwa rangi nyekundu kali, na pale ilipofyekwa, ilipochomwa au ilipolimwa, wekundu hukatika ghafla. Mstari mnyoofu wa kukatika katikati ya vichaka karibu kila mara ni kazi ya binadamu.

Namna ya kuanza ni rahisi kuliko inavyosikika, lakini yahitaji uvumilivu. Choreni mpaka wa eneo lenu kwenye picha, na mkanda wa kama mita mia mbili kuuzunguka, maana uvamizi huanzia nje. Chagueni picha moja iliyo safi kuwa picha ya msingi. Kisha kila mwezi, au kila miezi mitatu kama watu ni wachache, mtu mmoja anayejulikana kwa jina afungue picha mpya na kuilinganisha na ya mwezi kama huo mwaka uliopita. Nasema mwezi kama huo kwa makusudi. Ukilinganisha kiangazi na masika utaona eneo zima limebadilika, nawe utaitisha kikao cha dharura kwa sababu nyasi zimekauka. Kinga yangu dhidi ya kosa hili ni kuchagua vipande viwili vitatu vya ardhi inayofanana, nje ya magofu, ambavyo mnajua hakuna anayevigusa. Kama navyo vimebadilika vivyo hivyo, ni msimu. Kama magofu yamebadilika peke yake, chukueni viatu mwende.

Kwenye Google Earth kuna mtego mwingine: picha za tarehe tofauti hazikai juu ya nukta ile ile, zinaweza kupishana kwa mita kadhaa. Chagueni kitu kisichohama, kwa mfano kona ya ukuta mnene, na mpime kila kitu kuanzia hapo. Bila hivyo mtasema ukuta umesogea au mpaka umeliwa, kumbe ni picha iliyoteleza.

Msisahau picha za zamani. Kumbukumbu za Landsat zinarudi hadi mwaka 1972. Kabla ya hapo kulikuwa na CORONA, setilaiti za kijasusi za Marekani zilizopiga picha kati ya 1960 na 1972 kwa filamu halisi, filamu hiyo ikashushwa duniani ndani ya kopo lenye mwamvuli na kunaswa hewani na ndege. Picha hizo ziliondolewa usiri mwaka 1995 na leo zinapatikana kupitia Shirika la Jiolojia la Marekani. Zilizo bora zinafika pikseli ya takriban mita mbili. Hazikupiga kila mahali, lakini pale zilipopiga zinaonyesha mandhari kabla ya mabwawa, mashamba makubwa na miji kutanuka. Ni vigumu kueleza furaha ya kuukuta ukuta mzima mahali ambapo leo pana mahindi.

Rekodi ndefu ya namna hii huweza hata kusahihisha hadithi tunazosimuliana. Nchini Misri, watu wengi waliamini uporaji ulilipuka kwa sababu ya mapinduzi ya 2011. Mwanaakiolojia Sarah Parcak na wenzake walipopitia picha za setilaiti za 2002 hadi 2013 walikuta uporaji ulikuwa umeshaanza kupanda kuanzia 2009, baada ya mtikisiko wa uchumi duniani, kisha ukazidi baada ya 2011. Kwenu pia, tarehe za mashimo zikiandikwa vizuri, huenda mkagundua yanafuata jambo ambalo hakuna aliyelifikiria.

Bahari ni suala gumu kidogo. Mstari wa maji kwenye picha ni mstari wa maji wa saa ile tu. Ufukwe ukiwa umelala, tuseme unashuka mita moja kwa kila mita 20, na maji yakipishana mita tatu kati ya kujaa na kupwa, ukingo wa maji husogea mita 60 ndani ya siku moja. Hizo ni pikseli sita za Sentinel-2, na hakuna hata chembe ya ardhi iliyoliwa. Nimeona watu wakitoa hofu kubwa kwa kulinganisha picha ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Msifuate maji. Fuateni ukingo wa mimea au mdomo wa juu wa kingo ya ardhi, ambavyo haviyumbi na maji ya kila siku. Kwa mwelekeo wa miaka thelathini au arobaini Landsat itawasaidia, mradi badiliko liwe kubwa. Kwa mmomonyoko wa mita moja au mbili kwa mwaka, vigingi vichache vilivyopigwa nje ya mabaki na futi ya kupimia vitawapa jibu la kweli mapema zaidi.

Mtauliza kuhusu picha za kulipia. Zinafaa, ila wauzaji wengi huweka kiwango cha chini cha eneo, mara nyingi makumi ya kilomita za mraba, nanyi mna hekta 60, yaani kilomita za mraba 0.6. Mtalipia ardhi msiyoihitaji. Ni busara kumwendea kwanza mtaalamu wa akiolojia katika chuo kikuu au idara ya malikale. Taasisi huwa na picha zilizokwisha kununuliwa au njia ya kuziomba kwa ajili ya utafiti. Rada ya Sentinel-1 ni ya bure, haihitaji jua na hupenya mawingu, kwa hiyo inafaa kufuatilia ujenzi na mafuriko wakati wa masika, ingawa mashimo madogo haiyaoni. Programu za akili bandia zinazotafuta mashimo zipo na zinasaidia mtu mwenye maelfu ya picha za kupitia. Kwa eneo moja kama lenu, zitawaletea kengele za uongo nyingi kuliko faida. Droni ndiyo ningeichagua mimi. Ikirushwa mara mbili kwa mwaka na mtu aliyefunzwa, inatoa picha ya sentimita chache ambayo juu yake kila shimo linaweza kuchorwa na kupimwa. Lakini msirushe bila kibali cha mamlaka ya anga na ya malikale.

Hofu yenu ya kuwachorea wezi ramani ni ya haki. Kwa magofu yanayosimama juu ya ardhi na kujulikana na kila mtu, picha ya setilaiti haimwongezei mwizi chochote. Anayajua tangu zamani. Hatari iko kwenye tafsiri yenu. Mkichora mahali ambapo mimea imefuata ukuta uliofukiwa, au mkaandika "hapa panaonekana makaburi ambayo hayajafunguliwa", hapo mmemrahisishia kazi. Mradi wa GlobalXplorer, ambao watu wa kawaida walialikwa kutafuta alama za uporaji kwenye picha za Peru, uliwaonyesha vipande vidogo vya picha bila kuwaambia viko wapi. Fuateni mfano huo. Ramani zenye mpaka na namba za GPS zikae kwa watu wachache wanaojulikana. Zimeni pia kipengele cha mahali kwenye kamera za simu mnapopiga picha za mashimo, kwa sababu faili la picha hubeba namba hizo ndani yake hata kama hazionekani.

Kuna mambo ambayo hayangoji setilaiti wala jibu langu, na mashimo haya mapya ni mojawapo. Toeni taarifa kwa idara ya malikale na polisi sasa, kwa maandishi. Msiyafukie, msiokote vigae, msiingie ndani kupima mkiwa kundi. Mahali kigae kilipolala na alama ya chombo kilichochimba ni ushahidi, na mwanaakiolojia anaweza kusoma tabaka la udongo lililokatwa kabla mvua haijalifuta. Pigeni picha kutoka ukingoni mkiweka kijiti chenye kipimo, mwandike tarehe, saa na aliyekuwepo. Mkiwakuta watu wakichimba, ondokeni na mpige simu; watu hawa huwa hawako peke yao, na hakuna chungu chenye thamani ya maisha ya mlinzi. Kama shimo limefika kwenye msingi wa ukuta uliosimama, au ukingo wa bahari umebaki mita chache kutoka kwenye jengo, aitwe mhandisi mwenye uzoefu wa majengo ya kale aje mwenyewe, na watu wasiruhusiwe kupita hapo hadi atakapokagua.

Picha za setilaiti ziambatane na taarifa hiyo kama nyongeza: jina la setilaiti, tarehe ya picha, namba ya picha kama ilivyo kwenye tovuti mlikoitoa, na faili lenyewe bila kurekebishwa rangi. Picha ya skrini pekee hukataliwa kirahisi mbele ya sheria. Na jina la mlinzi liandikwe humo kama mtu wa kwanza kuyaona mashimo hayo.